Kadi ya Kamera Imegoma: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Picha na Kuziwekea Nakala

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko mwingine wowote kutoka kwa wapiga picha wenzangu wa kujifurahisha ni huu: "Kadi imegoma kufunguka, kompyuta inaniambia nifomati, nifanyeje?" Karibu kila mara, aliyeuliza ameshajaribu mambo mawili matatu kabla ya kuniandikia. Ameshafomati, au ameiruhusu Windows irekebishe kadi, au ameshusha programu ya kuokoa picha na kuiagiza izihifadhi ndani ya kadi ileile. Picha zilikuwemo bado wakati kadi inagoma. Zilipotea katika nusu saa iliyofuata.

Mimi mwenyewe nilizikosa picha za nikaha ya mdogo wangu kwa kosa hilo la tatu. Programu ilizipata picha zote, nami nikazihifadhi kwenye kadi yenyewe, na kila picha iliyookolewa ikaandikwa juu ya nyingine iliyokuwa ikingoja zamu yake. Nilibaki na chache mno. Kwa hiyo nakuomba ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake na usiruke hata moja, hata ile inayoonekana ya kitoto.

Mifano yangu ni ya Windows kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za huku kwetu. Programu kuu tutakayoitumia ipo pia kwa Mac na Linux, na ni ya bure kabisa.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kadirida ya USB, yaani kifaa cha kusomea kadi. Ukiweza kuazima ya pili, azima.
- Kompyuta yenye nafasi tupu angalau mara mbili ya ukubwa wa kadi. Kwa kadi ya GB 32, tafuta GB 64 tupu au zaidi.
- Diski ya nje, kama kompyuta imejaa. Iwe imefomatiwa kwa mfumo wa kupanga mafaili wa NTFS au exFAT, isiwe FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, nasi tutatengeneza faili kubwa kuliko hilo.
- Programu tatu za bure: PhotoRec (inakuja pamoja na TestDisk kutoka cgsecurity.org), Win32 Disk Imager na H2testw.
- Umeme wa uhakika. Tumia laptopu yenye betri nzima iliyojaa, au kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi utaanza upya, na kadi iliyochoka haina subira ya kusomwa mara nyingi.
- Saa mbili tatu ambazo hakuna anayekuharakisha.

Programu hizi zishushe kwenye kompyuta. Usishushe kitu chochote ndani ya kadi.

## Hatua ya 1: Toa kadi, ifunge, usiandike kitu

Zima kamera, toa kadi. Ubavuni mwa kadi ya SD kuna kijiti kidogo cha plastiki. Kitelezeshe upande ulioandikwa "Lock". Kadi ndogo ya microSD haina kijiti, lakini adapta yake inacho.

Sababu ni hii. Picha ikifutwa, au kadi ikifomatiwa kwa njia ya kawaida, kinachofutwa kwa kawaida ni orodha tu inayoonyesha kila picha iko wapi. Fikiria daftari la mwenye nyumba ya kupangisha: jina la mpangaji limekatwa kwenye daftari, lakini mpangaji mwenyewe bado yumo chumbani na vitu vyake. Atatoka siku atakapoletwa mpangaji mpya. Kila picha unayopiga baada ya tatizo ni mpangaji mpya, na huwezi kuchagua ataingia chumba gani.

Ukichomeka kadi, Windows inaweza kukuletea mojawapo ya maneno haya:

- "You need to format the disk in drive E: before you can use it." Bonyeza "Cancel".
- "There's a problem with this drive. Scan the drive now and fix it." Funga ujumbe huo na usikubali.

Ujumbe wa pili una sura ya msaada, na ndio uliowaponza wengi. Ukaguzi ule hujaribu kuifanya orodha ya kadi isomeke, na katika kufanya hivyo unaweza kuzikata picha na kuzigeuza mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK ndani ya folda ya FOUND.000. Siku nyingine una manufaa yake, lakini usiutumie kabla hujatengeneza nakala ya kadi.

Tahadhari: kijiti cha kufunga ni ombi tu kwa kadirida, na baadhi ya kadirida hazilitii. Kwa hiyo kifunge, na bado uwe makini.

Umefanikiwa ikiwa: kadi imefungwa, na tangu tatizo litokee hujapiga picha hata moja ya kujaribu.

## Hatua ya 2: Tafuta mgonjwa ni nani

Watu wengi huilaumu kadi moja kwa moja. Nimeona kadi nzima zikitupwa kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya wa USB. Jaribu kitu kimoja kimoja, ukibadilisha kimoja tu kila mara, vinginevyo hutajua kipi kimeponya.

Anza na kadirida. Badilisha tundu la USB. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma, kwa sababu yale ya mbele hupitia waya wa ziada ndani ya kasha na mara nyingi hulegea. Kisha badilisha kadirida. Kisha jaribu kompyuta nyingine.

Angalia pia umri wa vifaa. Kadi za SD za kawaida huishia GB 2, SDHC ni kuanzia GB 4 hadi GB 32, na SDXC ni zaidi ya GB 32. Kadirida au kamera ya zamani iliyotengenezwa kwa SDHC inaweza kushindwa kabisa kusoma kadi ya GB 64, na kompyuta itakuambia uifomati ilhali kadi ni nzima. Ukikubali hapo, umefuta orodha ya kadi isiyo na kosa.

Sasa tazama meno ya shaba nyuma ya kadi. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani na jasho la mikono, na meno hayo hupata utando. Yafute kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Yakiwa machafu sana, lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi safi ya isopropili, futa, subiri ikauke. Spiriti ya kusafishia vidonda siipendekezi, kwa kuwa baadhi huwa na mafuta ndani yake. Usikwangue kwa kucha wala wembe.

Baada ya hapo bonyeza kulia kwenye alama ya Start na ufungue "Disk Management". Kadi yako iko chini kwenye orodha. Utaona mojawapo ya hali hizi:

1. Ukubwa ni sahihi na imeandikwa FAT32 au exFAT, lakini folda hazifunguki. Matumaini ni makubwa.
2. Ukubwa ni sahihi lakini imeandikwa "RAW". Usichanganye na picha za RAW za kamera, yaani picha ghafi. Hapa maana yake ni kwamba Windows haiwezi kusoma orodha. Matumaini bado ni makubwa, na hii ndiyo hali inayoleta ule ujumbe wa kufomati.
3. Imeandikwa "No Media", au ukubwa si wake kabisa. Ubongo wa kadi umekufa au haugusi. Programu hazitakusaidia. Kama picha hizo zina thamani kubwa, ni kazi ya maabara ya kuokoa data, na kadiri unavyoichomeka mara chache ndivyo ilivyo heri kwao.

### Na kama mgonjwa ni kamera?

Tia kadi nyingine uliyo na hakika nayo. Kamera ikigoma tena, soma kinachoandikwa. Kwenye Canon, Err 02 huelekeza kwenye kadi, na Err 01 huelekeza kwenye mawasiliano kati ya kamera na lenzi: zima, toa lenzi, futa meno yake ya shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe hadi isikike ikijifunga. Kwenye Nikon, "fEE" si ubovu kabisa. Ni lenzi yenye pete ya tundu la mwanga ambayo haijazungushwa hadi namba kubwa kuliko zote na kufungwa hapo. Sony hulalamika kuhusu hifadhidata ya picha na kuwa na amri ya "Recover Image DB" kwenye menyu. Amri hiyo huandika kwenye kadi, kwa hiyo nakili picha zote kwanza ndipo uitumie.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kutaja kwa uhakika kitu kimoja kilicho na tatizo.

## Hatua ya 3: Kama folda zimegeuka shotkati

Hili ni letu sana. Umempa kadi mtu wa kuchapisha picha, imerudi, na ndani unaona folda ya DCIM yenye kimshale kidogo na ukubwa wa KB 1. Ukibofya haifunguki, au inafunguka pamoja na kitu kingine usichokiona. Hicho ni kirusi. Picha zako zimefichwa tu, hazijafutwa. Hakikisha: bonyeza kulia kwenye kadi, chagua "Properties". Kama inaonyesha nafasi iliyotumika ni GB nyingi, picha zimo.

Usibofye shotkati hizo. Kadi ikiwa bado imefungwa, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike, ukiweka herufi ya kadi yako mahali pa E:

robocopy E:\DCIM C:\Okoa\DCIM /E /R:1 /W:1

attrib -h -r -s C:\Okoa\* /s /d

Amri ya kwanza hunakili hata mafaili yaliyofichwa. Ya pili huziondolea pazia nakala zilizo kwenye kompyuta. Wengi hufundisha kuitumia amri ya pili moja kwa moja kwenye kadi, lakini hapo lazima uifungue kadi kuandikwa, na kirusi bado kimo ndani. Njia hii haiigusi kadi.

Kama kompyuta inasema E:\DCIM haipo, basi kirusi kimeihamisha. Endelea na hatua ya 4. Ukishapata picha, pitisha antivirusi kwenye folda ya Okoa na kwenye kompyuta nzima.

Na kuanzia leo, telezesha kile kijiti kabla ya kumpa mtu yeyote kadi yako. Au mpe flashi yenye zile picha unazotaka kuchapisha tu.

## Hatua ya 4: Tengeneza nakala pacha ya kadi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha aliyeokoa picha na aliyezikosa. Nakala pacha ni faili moja kubwa linalobeba kila kitu kilicho kwenye kadi, hadi zile sehemu zinazoonekana tupu. Ukiwa nalo, utajaribu programu hata kumi bila kuisumbua tena kadi.

Fungua Win32 Disk Imager. Kwenye nafasi ya jina la faili andika, kwa mfano, D:\kadi.img. Upande wa kulia chagua herufi ya kadi. Iangalie mara mbili. Kisha bonyeza "Read".

Onyo kubwa: pembeni yake kuna kitufe cha "Write". Hicho hufanya kinyume, yaani humwaga faili juu ya kadi na kufuta kila kilichomo. Soma kitufe kwa sauti kabla ya kubonyeza. Sisemi hivyo kwa mzaha; vitufe viko karibu na usiku wa manane macho huchoka.

Kadi ya GB 32 kwenye USB ya zamani huchukua kama nusu saa au zaidi. Ipishe.

Kama programu inakatika katikati ikilalamika kuwa imeshindwa kusoma, usiilazimishe mara tano sita. Kadi ina sehemu zilizokufa, na kila jaribio linaichosha zaidi. Hapo kinachofaa ni ddrescue, inayofanya kazi kwenye Linux. Unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, bila kugusa Windows yako. Huchukua kwanza sehemu zote rahisi, kisha hurudi kwenye zile ngumu:

sudo ddrescue -n /dev/sdX kadi.img kadi.map

sudo ddrescue -r3 /dev/sdX kadi.img kadi.map

Badala ya sdX weka jina la kadi yako, utakalolipata kwa amri ya lsblk. Kukosea jina hapa ni kosa zito, kwa hiyo kama Linux ni ngeni kwako, mtafute anayeifahamu akae kando yako.

Umefanikiwa ikiwa: faili la kadi.img lina ukubwa unaokaribiana na wa kadi nzima, hata kama picha zilikuwa chache. Sasa toa kadi, itie kwenye bahasha, andika tarehe juu yake. Hutaihitaji tena mpaka hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Okoa picha kutoka kwenye nakala pacha

Fungua folda ya TestDisk uliyoishusha, uitoe kwenye zipu, kisha bonyeza kulia kwenye qphotorec_win.exe na uifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Hii ni PhotoRec ile ile, ila ina madirisha na vitufe.

1. Kwenye orodha ya juu chagua "Add a raw disk image" na umwonyeshe lile faili la kadi.img. Kama kwako linaonekana kwa jina lingine la mwisho tofauti na .img, usijali.
2. Chini yake utaona mistari. Chagua ule wa FAT32 au exFAT. Kama haupo, au kama umewahi kuchagua huo ukapata picha chache, chagua ule wa diski nzima.
3. Kwenye aina ya mfumo, acha alama kwenye mstari unaoanza na "FAT/NTFS". Ule wa ext2/ext3 ni wa Linux.
4. Chagua "Whole" badala ya "Free". "Free" hutafuta kwenye sehemu zilizoandikwa kuwa tupu pekee, na kwenye kadi iliyoharibika orodha yenyewe haiaminiki.
5. Bonyeza "File Formats". Ukitaka kupunguza takataka, bakiza jpg, tif na mov. Hapo chini ya tif ndipo zinapopatikana RAW nyingi, zikiwemo NEF za Nikon na CR2 za Canon, na chini ya mov zimo pia video za MP4. Kama huna hakika kamera yako hutumia aina gani, acha zote kama zilivyo.
6. Chagua mahali pa kuhifadhi. Folda mpya, kwenye kompyuta au diski ya nje. Kamwe isiwe kwenye kadi.
7. Bonyeza "Search".

Ukichagua "Whole", PhotoRec haitegemei orodha ya kadi. Inapita chumba kwa chumba ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Ndiyo maana inafaulu hata orodha ikiwa imefutika, na ndiyo maana pia majina ya zamani hayarudi.

Video ni ngumu kuliko picha. Faili kubwa mara nyingi hukaa vipande vipande sehemu tofauti za kadi, na programu haijui kipande kipi kinafuata kipi. Ukipata picha zote na video nusu, umefanya vizuri.

Kama kadi ilifomatiwa kwenye kamera kwa chaguo la "Low level format", ambalo kamera nyingi za Canon zinalo, tarajia kutopata kitu. Chaguo hilo hufuta vyumba vyenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: unaona folda za recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zenye picha zenye majina kama f0123456.jpg. Yale yanayoanza na herufi t ni vijipicha vidogo tu, yaache.

## Hatua ya 6: Kagua kabla ya kushangilia

Idadi kubwa ya mafaili isikudanganye. Panga kwa ukubwa, uyafungue yaliyo madogo kuliko kawaida. Picha iliyokatika huonekana nzima kwenye kijipicha, lakini ukiikuza, nusu ya chini ni kijivu au ina mistari ya rangi. Kama RAW imekatika, jaribu JPG yake ikiwa ulipiga zote mbili.

Kurudisha mpangilio, tumia tarehe iliyomo ndani ya picha yenyewe. Programu ya ExifTool hubadilisha majina yote kwa mkupuo. Iendeshe kwenye nakala ya folda, si kwenye folda pekee uliyonayo:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" C:\Okoa\panga

Kama picha zote zinaonyesha tarehe moja ya miaka ya nyuma, saa ya kamera ilirudi mwanzo, jambo la kawaida kwa kamera iliyokaa muda mrefu bila betri. Rekebisha saa leo hii kabla hujasahau.

## Hatua ya 7: Amua hatima ya kadi

Picha zikiwa salama mahali pawili, ndipo kadi irudi mezani. Ifungue kijiti, ifomati ndani ya kamera, kisha iweke kwenye kompyuta na uendeshe H2testw. Programu hii huijaza kadi hadi ukingoni kisha husoma tena kila kitu kuona kama kimerudi kilivyoandikwa.

Sababu ya kujaza kadi nzima ni kadi bandia. Kuna kadi zilizoandikwa GB 64 nje na kuiambia kompyuta kuwa ni GB 64, kumbe ndani ni GB 8. Hufanya kazi vizuri wiki nzima. Ukivuka ile GB ya nane, picha mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotea hewani. Dalili yake: picha za mwanzo nzima, za mwisho zote zimekatika. Mimi sasa kila kadi mpya huipima kabla ya kuitia kwenye kamera, hata iliyotoka kwenye pakiti nzuri yenye nembo.

Kosa hata moja likitokea, ivunje vipande viwili. Usiiweke droo kwa matumizi madogo madogo, maana siku moja itarudi kwenye kamera.

Umefanikiwa ikiwa: H2testw inamaliza kwa maneno "Test finished without errors".

## Hatua ya 8: Weka nakala tatu

Hapa ndipo juhudi zako zinapostahili kwenda. Wapiga picha wengi hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mtu wa kujifurahisha inawezekana bila gharama ya kutisha.

Nakala ya kwanza, kompyuta. Tengeneza folda kwa tarehe, kwa mfano 2025-07-19 Makunduchi, na ndani yake weka picha za siku hiyo tu. Kuna sababu ya msingi. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha hurudi 0001. Ukimimina kila kitu kwenye folda moja, ipo siku IMG_0457 mpya itaikuta ya zamani, Windows itauliza kama ibadilishe, nawe utabonyeza ndiyo kwa mazoea.

Nakala ya pili, diski ya nje. Tumia FreeFileSync. Upande wa kushoto weka folda yako ya picha, kulia diski ya nje, na uchague "Update". Usichague "Mirror" wala "Two way". Hizo mbili hulandanisha pande zote zifanane, kwa hiyo ukifuta folda kwa bahati mbaya kushoto, mara inayofuata itafutwa na kulia. Nimewaona watu waliokuwa na diski mbili wakapoteza nakala zote mbili kwa njia hiyo. "Update" huongeza vipya bila kufuta. Mara moja kwa mwezi, linganisha kwa "File content" ili mafaili yasomwe yote. Huchukua muda, iache ifanye usiku.

Diski ikianza kutoa sauti ya tik-tik, zima papo hapo. Hiyo ni mashine ya ndani inayogonga, na kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi. Isipoonekana kabisa lakini iko kimya, badilisha waya kwanza, kwani waya wa diski hizi huchoka mapema. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake. Ikiandika "Caution", nunua nyingine wiki hiyo.

Nakala ya tatu, nje ya nyumba. Diski ya pili ya bei ya kawaida, inayokaa kwa mama, kwa kaka, ofisini kwako. Mwizi akiingia huchukua laptopu pamoja na diski iliyo kando yake. Moto na maji ya mafuriko navyo havichagui. Badilishaneni diski kila mnapotembeleana.

Intaneti nayo inasaidia kwa zile picha bora. Akaunti ya Google ina GB 15 za bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, na tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya inayopandishwa huhesabiwa humo. Kwa bando zetu, pandisha JPG mia bora za mwaka na uache RAW kwenye diski. WhatsApp si nakala: ukituma picha kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Ukilazimika, itume kama dokumenti.

Mwisho wa hatua hii, kanuni mbili nisizozivunja. Kadi haifomatiwi mpaka picha ziwe mahali pawili, na kufomati hufanyika ndani ya kamera. Na hakuna kuchomoa kadi wala diski kabla ya kubonyeza "Eject", wala kufungua mlango wa betri taa nyekundu ya kamera ikiwa bado inawaka. exFAT haina kumbukumbu ya kurekebisha kazi iliyokatizwa. Ikikatwa katikati ya kuandika, orodha nzima inaweza kuvurugika, na utajikuta umerudi hatua ya 1.

## Hatua ya 9: Jaribu kurejesha

Nakala ambayo hujawahi kuifungua huna hakika nayo. Kila baada ya miezi mitatu, chukua ile diski iliyo nje ya nyumba, ichomeke kwenye kompyuta ambayo si yako, na ufungue folda tatu bila mpangilio: moja ya mwaka huu, moja ya mwaka jana, moja ya zamani kabisa uliyonayo. Katika kila folda fungua picha kumi kwa ukubwa wake kamili, cheza video moja hadi mwisho, kisha nakili folda nzima kwenye kompyuta hiyo uone kama inakatika.

Kama kuna folda ya mwezi uliopita ambayo haimo, umegundua kuwa diski haijabadilishwa kwa muda mrefu. Kama picha inakataa, ilete kutoka kwenye nakala ya pili siku hiyohiyo. Ukimaliza, andika tarehe ya jaribio kwenye kipande cha plasta na ukibandike juu ya diski, ili hata asiyejua kompyuta nyumbani aweze kukuambia mara ya mwisho ilikuwa lini.